Jinsi ya kuwasimamia washauri nasaha katika kliniki ya jamii yenye uhaba wa watu, muda na fedha

Kliniki nyingi za jamii zinazotoa tiba ya mazungumzo hazina daktari bingwa wa magonjwa ya akili wala mwanasaikolojia wa kudumu. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2020 zinaonyesha kwamba nchi za kipato cha chini zina wahudumu wa afya ya akili wasiofika 2 kwa kila watu 100,000, wakati nchi tajiri zina zaidi ya 60. Pengo hilo linazibwa na wauguzi, maofisa ustawi wa jamii na wahudumu wa afya ngazi ya jamii waliopata mafunzo mafupi.

Nao wanaweza. Nchini Zimbabwe, Dixon Chibanda na wenzake waliwafunza wahudumu wasio wataalamu kukaa na watu kwenye benchi la kliniki na kuwasaidia kukabili matatizo yao moja baada ya jingine. Utafiti wao katika kliniki 24 za Harare, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba waliopata huduma hiyo walibaki na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nchini Pakistan, wahudumu wa afya wa vijijini waliwasaidia akina mama wenye sonona, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalikuwa mazuri mno. Habari hizi zinaposimuliwa, jambo moja huachwa nje: hakuna kati ya wahudumu hao aliyefunzwa kisha akaachwa peke yake. Walikuwa na msimamizi.

Ninamwandikia yule aliyekabidhiwa kazi hiyo, pengine bila mafunzo maalumu ya usimamizi, huku naye ana wateja wake. Shauri langu kubwa ni hili: simamia kazi yenyewe, usisimamie masimulizi ya kazi. Mshauri anapokueleza kikao kilivyokwenda, anakupa alichokumbuka, alichokielewa na alichoona kinafaa kukufikia. Anaweza kuwa mkweli kabisa na bado ukakosa jambo lililomuumiza mteja.

Hatua ya kwanza: Kubalianeni kikao cha usimamizi ni cha nini

Katika miaka ya 1980, Brigid Proctor wa Uingereza aliigawa kazi ya msimamizi katika sehemu 3: kumkuza mshauri kiujuzi, kulinda viwango na usalama wa wateja, na kumtia nguvu mshauri mwenyewe. Naupenda mgawanyo huu kwa sababu unakuonyesha upesi ni wapi umeelemea. Penye uhaba, sehemu ya pili humeza zile nyingine. Kikao kinaanza kwa fomu ambazo hazijajazwa, kinapita kwenye idadi ya wateja wa mwezi, kinaishia kwa mshauri kujieleza kwa nini alichelewa Jumanne. Saa imekwisha na hakuna mteja hata mmoja aliyezungumziwa.

Mambo ya mahudhurio, takwimu na vifaa yapewe muda wake na daftari lake. Kama wewe pia ndiye mkuu wake wa kazi, na katika kliniki ndogo mara nyingi ndivyo ilivyo, jambo hilo lisemwe wazi siku ya kwanza: lipi litaingia katika faili lake la utumishi na lipi litabaki ndani ya kikao. Mshauri anayehofia kwamba kosa atakaloliweka mezani litarudi kama barua ya onyo atakuletea kesi zilizokwenda vizuri tu. Taja pia yale ambayo hayawezi kubaki baina yenu: uhusiano wa kimapenzi na mteja, kuchukua mali ya mteja, kutoa siri zake nje, kuficha hatari ya kifo.

Andikeni makubaliano hayo katika ukurasa mmoja, kila mtu abaki na nakala. Yawemo siku na saa ya kikao, njia ya kumpata msimamizi dharura ikitokea, aina ya wateja ambao mshauri huyu bado hapaswi kuwaona peke yake, na mtu wa tatu ambaye mshauri anaweza kumwendea iwapo tatizo ni msimamizi mwenyewe. Hilo la mwisho husahaulika, na ndilo linalompa mshauri ujasiri wa kusema.

Hatua ya pili: Tengeneza njia ya dharura kabla ya mteja wa kwanza

Mteja mwenye mpango wa kujiua hangoji siku ya kikao chenu. Kabla mshauri hajaonana na mtu yeyote, awe anajua bila kusoma popote: ampigie nani, huyo asipopokea ampigie nani, mteja akae na nani wakati simu zinapigwa, hospitali ipi inapokea wagonjwa usiku. Kila nafasi iwe na majina mawili, kwa kuwa simu huzimika na watu husafiri. Kisha ijaribuni njia hiyo kwa kupiga kweli. Si ajabu kugundua kwamba namba iliyobandikwa ukutani haitumiki tena.

Wafundishe kuuliza waziwazi. Washauri wapya huogopa kwamba kutaja kujiua kutampandikizia mteja wazo hilo, lakini tafiti zilizofanywa haziungi mkono hofu hiyo. Mfanye kila mshauri aseme swali lenyewe kwa sauti mbele yako, arudie na arudie, hadi litoke bila kutetemeka: "Je, umekuwa na mawazo ya kujiua?" Kisha afuatilie: umefikiria namna gani, una kitu hicho karibu, umefikiria lini, uliwahi kujaribu. Swali la kuzungukazunguka, kama "hufikirii mambo mabaya, sivyo?", linamwonyesha mteja jibu unalotaka kusikia, naye atakupa hilohilo.

Akijibu ndiyo, mshauri aandike naye mpango wa usalama. Uliotengenezwa na Barbara Stanley na Gregory Brown wa Marekani unatosha kwenye ukurasa mmoja na una sehemu 6: dalili zinazomwonya kwamba hali inazidi, mambo anayoweza kufanya peke yake kujituliza, watu na mahali pa kumtoa kwenye mawazo hayo, watu wa kuwaomba msaada, wataalamu na vituo vya kukimbilia, na kuweka mazingira salama, yaani kuondoa karibu naye kitu anachoweza kujidhuru nacho. Ahadi ya maandishi kwamba "sitajiua" si mbadala wa mpango huu. Wewe msimamizi usome kila mpango siku hiyohiyo, na uanzie sehemu ya sita, kwani hapo ndipo wengi huandika neno moja na kupita. Kama ni dawa ya kuulia wadudu, nani ameichukua? Ameiweka wapi? Amethibitisha kwa nani? Mteja huyo abaki wa kwanza kujadiliwa katika kila kikao hadi mtakapokubaliana kwamba hatari imepungua.

Ongeza katika njia hiyo mambo mengine yasiyo ya mshauri kubeba peke yake: anayesikia sauti au kuona visivyoonekana na wengine, mzazi aliyejifungua karibuni ambaye amebadilika ghafla, ukatili unaoendelea nyumbani, mtoto anayedhulumiwa. Kuhusu mtoto, sheria ya nchi yako inaweza kukulazimu kutoa taarifa. Isomeni pamoja kabla hamjaihitaji. Usisahau mwili pia. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya thairoidi na baadhi ya dawa huweza kuleta uchovu na huzuni inayofanana na sonona, hivyo mshauri asiye na taaluma ya tiba ajue ni lini aombe mteja apimwe kwanza.

Hatua ya tatu: Linda muda

Kwa mshauri mpya, usimamizi uwe wa kila wiki. Miezi ya mwanzo ndipo mazoea hujengeka, mazuri na mabaya. Akishakomaa mnaweza kwenda kila wiki mbili, lakini mwenye mteja wa hatari arudi kwenye kila wiki.

Piga hesabu ya uwezo wako kabla ya kuahidi. Ukiwa na washauri 6 na kila mmoja umpe saa moja kwa wiki, hizo ni saa 6, na bado hujasikiliza rekodi wala kusoma faili. Wengi hawana muda huo. Kikao cha kundi cha dakika 90 kila wiki, pamoja na nusu saa ya mtu mmojammoja kila mwezi, kinakurudisha kwenye wastani wa chini ya saa mbili na nusu kwa wiki. Kundi la watu 4 hadi 6 linafaa. Likizidi hapo, wanyamavu hupotea. Kundi lina faida ambayo kikao cha wawili hakina: mshauri anasikia mwenzake akikwama palepale alipokwama yeye, na aibu inapungua. Ile nusu saa ya peke yake usiiondoe hata hivyo, kwa kuwa kuna mambo ambayo hayasemwi mbele ya wenzake.

Kwa walio mbali, tumia simu, saa ileile kila wiki, na anayepiga awe kliniki ili gharama isimwangukie mshauri. Mtandao ukiwa dhaifu, sauti pekee inatosha. Video inakula salio na kukatakata mazungumzo. Makundi ya ujumbe wa simu yanafaa kwa kupanga miadi. Hayafai kwa kesi. Hata jina likifichwa, "mwalimu wa kike wa watoto watatu aliyefiwa mwezi uliopita" anatambulika mara moja katika eneo dogo.

Kikao kikigongana na semina au ugeni, kisogezwe siku mbili mbele, kisifutwe. Mkifuta mara mbili mfululizo, washauri wataelewa kwamba ni jambo la ziada, na wataacha kujiandaa.

Hatua ya nne: Usimwachie mshauri peke yake kuchagua kesi

Ukiuliza "leo una kesi gani ya kujadili?", utaletewa ya kuvutia, au ile inayomchosha kwa maneno mengi. Mteja mpole anayekuja kila wiki na haponi hatatajwa. Aliyeacha kuja hatatajwa kabisa, kwa kuwa hayupo tena wa kumkumbusha mtu.

Pitia daftari la wateja mwenyewe na uchague kwa namna hii: kwanza wote wenye hatari, kisha mmoja ambaye hali yake haijabadilika baada ya vikao vitatu au vinne, kisha mmoja aliyekatisha bila kuaga, na mmoja wa bahati nasibu, kidole kikiangukia jina lolote. Mshauri naye achague mmoja anayemsumbua. Huwezi kuwajadili wote kwa kina siku moja. Wawili kwa kina, waliobaki dakika mbili mbili, ni mwendo wa kawaida.

Wale waliokatisha watazameni bila kulaumiana. Wengine walipona wakaona hakuna haja ya kurudi. Wengine nauli ilikosekana, au saa ya miadi iligongana na kazi. Wengine waliambiwa neno lililowaumiza. Huwezi kujua ni lipi bila mtu kuwasiliana nao, kwa njia waliyoiruhusu siku ya kwanza.

Hatua ya tano: Sikia kikao chenyewe

Hapa ndipo penye uzito. Zipo njia tatu, na si lazima uwe na zote.

Ya kwanza ni kurekodi sauti. Simu ya kawaida inatosha. Mteja aombwe ridhaa kabla, kwa maneno mepesi: rekodi ni ya nini, nani ataisikia, itafutwa lini, na kwamba akikataa huduma yake haibadiliki hata kidogo. Ridhaa iandikwe kwenye faili, na aulizwe tena mwishoni, kwa kuwa hakujua mwanzoni atasema nini. Simu iwe ya kliniki, si ya mshauri, yenye nywila, na kuhifadhi nakala kwenye mtandao kuwe kumezimwa. Simu nyingi hupeleka nakala zenyewe bila mwenye simu kujua. Rekodi ifutwe baada ya usimamizi, na kufutwa kwake kuandikwe.

Huna haja ya kusikiliza saa nzima. Sikiliza dakika 10 za mwanzo, uone kama ajenda imewekwa na kazi ya wiki iliyopita imeulizwa. Kisha dakika 5 za katikati. Kisha mwambie mshauri achague dakika 5 alizohisi amekwama. Dakika 20 zinakupa zaidi ya masimulizi ya saa moja.

Njia ya pili ni kuketi chumbani, kwa ridhaa ya mteja. Keti pembeni, nje ya mstari wa macho yao, usiingilie isipokuwa kuna hatari. Njia ya tatu ni igizo, nayo haihitaji kifaa chochote wala ridhaa ya mteja: wewe au mwenzake awe mteja, mshauri afanye alichofanya chumbani. Usikubali akueleze. Mwambie, "Nionyeshe ulivyomwambia." Tofauti kati ya kueleza na kuonyesha itakushangaza wewe na yeye.

Unasikiliza nini? Kwanza stadi za msingi ambazo zinahitajika katika kila aina ya tiba. Brandon Kohrt na wenzake, wakifanya kazi Nepal, walichapisha mwaka 2015 kipimo cha vipengele 18 cha stadi hizo kwa ajili ya wahudumu wasio wataalamu, kinaitwa ENACT. Toleo lililofuata lina ngazi 4 kwa kila kipengele, na ngazi ya kwanza inaorodhesha tabia zinazoweza kudhuru. Kinapatikana bure kupitia jukwaa la EQUIP la Shirika la Afya Duniani na UNICEF. Naipenda hiyo ngazi ya kwanza. Kabla hujauliza kama mshauri ni hodari, uliza kama kuna anachofanya kinachoumiza. Masikio yako yatayakamata haraka: "jikaze", "wapo wenye shida kubwa kuliko zako", "ningekuwa wewe ningeondoka", maswali matano mfululizo bila kungoja jibu, kulaumu, kuhubiri, na haraka ya kuziba ukimya mteja anapolia.

Pili, sikiliza kama tiba iliyokubaliwa ndiyo inayotolewa. Ndiyo maana kliniki yenye uhaba ichague tiba fupi yenye mwongozo ulioandikwa badala ya kuchanganya kila kilichosomwa semina. Mpango wa Problem Management Plus, uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016, una vikao 5 vya kila wiki na mbinu 4: kupunguza msongo, kukabili matatizo yanayotatulika, kurudi kwenye shughuli hatua kwa hatua, na kuimarisha msaada wa watu wa karibu. Kikao cha tatu kinajulikana kina nini, kwa hiyo unaweza kusikia kilichorukwa. Mbinu inayorukwa kuliko zote ni ile inayohitaji mteja afanye kitu nyumbani, kwa sababu kuzungumza ni rahisi kuliko kupanga nani atafanya nini, siku gani, saa ngapi.

Hatua ya sita: Weka alama kila kikao, na uzisome

Mwaka 2005, kundi la watafiti akiwemo Michael Lambert wa Marekani liliwaomba watibabu watabiri ni nani kati ya wateja wao 550 angemaliza tiba akiwa na hali mbaya kuliko alivyoanza. Walitaja watatu. Waliozidiwa walikuwa 40, na mmoja tu kati yao ndiye aliyekuwa ametabiriwa. Hao walikuwa watu waliosomea kazi hiyo. Macho ya mtibabu peke yake hayatoshi, na kusema hivyo si kumtukana.

Kwa hiyo mteja ajaze dodoso fupi kila kikao. Dodoso la PHQ-9 kwa sonona na GAD-7 kwa wasiwasi ni bure na yanajazwa kwa dakika chache. PHQ-9 ina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, na jumla yake ni kati ya 0 na 27. Alama 10 na kuendelea huchukuliwa kuwa dalili za wastani au zaidi, na mabadiliko ya alama 5 yana maana. Tumieni tafsiri iliyofanyiwa utafiti katika lugha ya wateja wenu ikiwa ipo. Asiyejua kusoma asomewe taratibu, kwa sauti ileile kwa kila jibu.

Chora grafu kwa mkono ndani ya jalada la faili: vikao kwa upana, alama kwa urefu. Mstari usioteremka hadi kikao cha nne unazungumza kabla ya mshauri hajafungua mdomo. Swali la 9 la PHQ-9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote lisilo sifuri linaulizwa papo hapo, mteja akiwa bado chumbani. Faili lenye alama 2 kwenye swali hilo na hakuna maandishi yoyote pembeni ni jambo la kushughulikia leo.

Usizitumie alama hizi kuwapanga washauri nani bora. Ukifanya hivyo, zitaanza kuteremka zenyewe kwenye karatasi.

Hatua ya saba: Toa mrejesho ambao unaweza kufanyiwa kazi kesho

Mshauri aanze: nini kilikwenda vizuri, wapi alitamani kufanya tofauti. Mara nyingi atagusa mwenyewe ulichotaka kusema, nawe utabaki na kazi ya kumsaidia arekebishe. Kisha taja ulichosikia, neno kwa neno, na kilichofuata kwa mteja: "Aliposema amechoka kuishi, ulimuuliza kuhusu watoto. Baada ya hapo alijibu kwa neno moja moja." Hukumu kama "huna huruma" au "unaenda haraka" hazimwambii abadilishe nini. Sifa nazo ziwe mahususi vivyo hivyo. "Umefanya vizuri" haimfundishi mtu kitu cha kurudia.

Jambo moja kwa kikao. Ukisikia makosa saba, chagua lile linalomgusa mteja zaidi, mengine yasubiri. Halafu fanyeni mazoezi hapohapo: wewe uonyeshe kwa dakika mbili, mshauri ajaribu, aambiwe, ajaribu tena. Jaribio la pili ndilo linalojenga stadi, na ndilo linalokatwa muda ukibana. Igizo likiwa na mshauri kwenye nafasi ya mteja wake mwenyewe, hufungua mambo ambayo maelezo marefu hayafungui. Anakaa upande wa pili na kuhisi uzito wa maswali yake.

Mwisho, kila mmoja aandike mstari mmoja: wiki hii nitajaribu nini, kwa mteja namba ngapi. Kikao kijacho kinaanzia kwenye mstari huo. Daftari la usimamizi halihitaji zaidi ya tarehe, namba ya mteja, hatari iliyopo au isiyopo, kilichoamuliwa, na nani atakifanya lini. Majina yabaki kwenye faili lililofungiwa.

Hatua ya nane: Mtazame mshauri mwenyewe

Anayesikiliza habari za ubakaji, vifo na ukatili wiki hadi wiki hubeba kitu. Na katika kliniki ya jamii, mshauri mara nyingi anaishi mahali pamoja na wateja wake, kapitia yaleyale, na anaweza kukutana nao njiani jioni. Dalili zake hujitokeza kwenye kazi: anachelewa kwa mteja fulani tu, anaandika maelezo mafupi kuliko zamani, anawasema wateja kwa kejeli, anashindwa kufunga faili la mteja aliyekwisha kupona, au anafanya kazi siku zake za mapumziko na kukataa kusaidiwa.

Muulize wazi, faraghani, kama unavyomfundisha awaulize wengine. Kisha angalia kazi yenyewe kabla ya kumshauri apumzike vizuri. Ana wateja wangapi wenye majeraha mazito kwa siku moja? Wagawanye. Anatembelea majumbani peke yake? Asitoke bila mtu kujua anakwenda wapi na anatarajiwa saa ngapi. Ana muda kati ya mteja na mteja? Dakika 10 za kuandika na kupumua hazigharimu kitu. Mishahara inayochelewa na chumba kisicho na mlango huchosha watu pia, na ni wajibu wako kuyapeleka mambo hayo kwa wenye uamuzi, kwa maandishi, hata kama jibu linachelewa.

Usigeuke mtibabu wake. Ikiwa kisa cha mteja kimegusa msiba wake mwenyewe, zungumzeni namna kinavyoathiri kazi, mpunguzie kesi za aina hiyo kwa muda, na umsaidie apate msaada nje ya kliniki. Msimamizi anayejua siri zote za mshauri wake hawezi tena kumwambia kwamba kazi yake haiko salama.

Kuna tukio moja linalohitaji utaratibu wake: mteja kujiua. Siku hiyohiyo kaa na mshauri, mpunguzie wateja, na mhakikishie kwamba mapitio ya kesi yatakuja baadaye na hayatakuwa mashtaka. Familia ipewe mtu wa kuzungumza naye. Mapitio yafanyike baada ya siku kadhaa, mkiuliza mfumo ulisaidia wapi na uliacha pengo wapi. Washauri wengine nao wanahitaji kuambiwa na wewe, mapema, wasisikie mitaani.

Hatua ya tisa: Andaa wasimamizi wengine kutoka kundini

Kliniki inayomtegemea msimamizi mmoja hukwama akiugua. Nchini India, katika mradi wa PREMIUM huko Goa, washauri wasio wataalamu walisikiliza rekodi za wenzao katika vikundi na kuzipa alama kwa kipimo cha ubora. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2014 ilionyesha kwamba, wakishafundishwa na kufanya mazoezi, alama zao zinaweza kukaribiana na za wataalamu. Kwa mwenye uhaba, hii ni habari kubwa, na inaweza kuanza kwa rekodi moja.

Cheza dakika 20 za rekodi. Kila mtu ajaze kipimo kimyakimya, wewe pia. Kisha alama zisomwe, na mzungumzie pale tu zilipotofautiana sana: alisikia nini huyu ambacho yule hakukisikia? Rudisheni rekodi, sikilizeni tena. Mwanzoni alama zitakuwa za kirafiki mno, kwa kuwa hakuna anayetaka kumvunja mwenzake moyo. Zitanyooka wakiona kwamba alama ya chini inaleta mazoezi na si aibu, na hasa wakiona rekodi yako wewe msimamizi ikipigwa mbele yao na kupewa alama kama ya mtu mwingine yeyote. Anza na yako.

Zikishakaribiana kwa vikao kadhaa, mpe mshauri mmoja aendeshe kundi huku umekaa pembeni. Baadaye aendeshe bila wewe, wiki moja kati ya mbili. Kesi za hatari zibaki kwako hadi atakapozisimamia mbele yako na ukaridhika. Nawe tafuta msimamizi wako: mtaalamu wa hospitali ya rufaa kwa simu mara moja kwa mwezi, au wasimamizi wa kliniki mbili za jirani mnaopeana zamu. Mpelekee kile unachowadai washauri wako, yaani rekodi ya kikao chako cha usimamizi, iliyorekodiwa kwa ridhaa yao.